Samaki Waliomchelewesha Fundi

Mimi samaki nilikuwa nawajua kwenye sahani tu. Miaka kumi na moja nimekaa mapokezi ya kliniki ya meno, tangi la samaki liko mgongoni kwangu, na sikuwahi kugeuka kuwatazama zaidi ya mara mbili tatu. Kisa? Wagonjwa. Mgonjwa wa meno ukimpa kisogo dakika moja, akasikia ile mashine ya kuchongea inalia chumba cha pili, umemkosa. Niliwahi kumkimbiza baba mzima wa kilo tisini mpaka kituo cha mafuta, kitambulisho chake nimekishika mimi.

Kwa hiyo hadithi hii si yangu, ni ya Fundi. Lakini mwenyewe hawezi kukusimulia, maana Fundi neno likimtoka ni kama ameng'olewa jino. Basi nisikilize mimi.

Tangi lilikuwa wazo la Daktari. Alisoma mahali kwamba mtu akitazama samaki moyo unatulia, akajengesha tangi la kioo ndani ya ukuta, jembamba na refu kwenda juu kama kabati la nguo. Juu yake akaweka taa kali. Taa hiyo, akasema, isizimwe mchana wala usiku, wiki nzima, ili hata apitaye barabarani aone kliniki inang'aa. Kwenye swichi akabandika karatasi: USIZIME. Daktari ni mtu mwema sana, ila akishabandika karatasi yamekwisha.

Fundi alikuja kulisafisha kila Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa na matangi mengine mjini, la benki na la hoteli, na yote aliyafikia kwa miguu, ndoo ya bluu yenye mfuniko mkononi, mpira wa kunyonyea maji umemning'inia shingoni. Mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, vidole vimekunjamana kama katoka kufua sasa hivi. Sikio la kushoto lilikufa kwa kupiga mbizi. Ukitaka akusikie, zunguka kulia. Aliishi peke yake, chumba kimoja nyuma ya gereji. Haya niliyajua kwa kuuliza. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na wagonjwa wakiisha naendelea na yeyote aliyepo.

Alhamisi moja Daktari akaingia na mfuko wa nailoni uliofurishwa hewa, ndani samaki wawili wadogo. Amepita dukani, amewapenda, amenunua, hakumuuliza mtu. Akawamwaga tangini akaenda kung'oa jino. Fundi alipofika, hata "marahaba" yangu hakunipa. Ndoo ilimponyoka. Maji sakafu nzima, mama mmoja kwenye foleni akapandisha miguu kitini.

"Nani amewaleta hawa?"

"Daktari. Wazuri, eh?"

"Wazuri," akasema. "Hiyo ndiyo shida yao."

Nikageuka na mimi nitazame. Jamani! Samaki wa urefu wa kidole changu cha kati, bluu iliyokolea, na juu ya bluu hiyo mistari ya rangi ya machungwa imepindapinda kama mtoto amejaribu kalamu, kila mstari na ukingo wake wa kijani. Macho mekundu yametokeza, moja linatazama huku, la pili lina mambo yake. Na hawaogelei kama samaki wenye heshima zao. Walikuwa wanatembea chini kwa mapezi, wanasimama, wanadonoa, wanasogea, wanadonoa tena.

"Kama kuku," nikasema.

"Sisi tuliwaita Marembo," akasema Fundi, na sauti yake ikanifanya niache utani.

Siku hiyo aliongea kuliko miaka yote niliyomjua. Kwamba Marembo hana magamba. Amejipaka ute mzito, mchungu, unaonuka, na samaki mkubwa akimtia mdomoni humtema hapo hapo, ndiyo maana ana ubavu wa kuvaa rangi zote zile. Kwamba kwao ni maji ya kina kifupi yaliyotulia, upande wa ndani wa mwamba, kwenye vifusi vya matumbawe yaliyovunjika, mahali ambapo mtu anayetafuta uzuri hupita bila kusimama. Kwamba mchana kutwa hujificha humo akidonoa vijidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, mamia kwa mamia, na lazima viwe hai. Chakula cha dukani hali.

"Sasa asipokula?"

"Anakufa. Pole pole, mwezi, miezi miwili. Mwenye tangi anasema samaki wangu mtulivu, kumbe ni njaa."

Alijua anachosema. Ujana wake wote aliwakamata yeye, kwa kampuni iliyopeleka samaki wa mapambo nchi za nje. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wenzake wote. Siku hiyo alisafisha tangi mara mbili, na alipoondoka alisahau mfuniko wa ndoo.

Jumatatu akaja na chupa ya soda. Ndani maji yenye vumbi, lakini ukiinua kwenye mwanga vumbi lilikuwa linarukaruka. Alikuwa ameanza kuwafugia vijidudu kwenye mitungi, dirishani kwake. Tangu hapo alikuja kila baada ya siku moja, na mimi sikumwacha. "Fundi, leo umewaletea supu?" "Supu." "Na chapati?" Hacheki. Anamimina taratibu pembeni, anachuchumaa, anatazama. Mwezi wa pili matumbo yao yaliyokuwa yamebonyea yakaanza kujaa. Mwezi wa tatu jike akawa na kitambi kunishinda mimi.

Ndipo akanijia kwenye meza yangu, kofia mkononi. "Dada, nina ombi."

"Jino?"

"Hapana. Naomba uwape jioni."

"Niwape nini?"

"Jioni. Tangu wafike hapa hawajaona jua likizama. Kwao ni saa sita mchana, mwezi wa tatu huu."

Nikaigeukia ile karatasi ya USIZIME, kisha nikamgeukia yeye. Nilimfokea, sitaki kudanganya. Nizime taa ya Daktari, mimi? Nina watoto wanaosoma, nina mume, nafunga saa kumi na moja nikiwa nimechoka hoi, halafu nibaki kuwa yaya wa samaki? Fundi hakubishana. Alisema "sawa, dada," akabeba ndoo yake. Na hapo ndipo aliponiweza. Mtu akikubembeleza unapata nguvu ya kukataa, lakini akisema sawa akageuka, unabaki unajichukia.

"Dakika ngapi?" nikamwita akiwa mlangoni. Hakusikia, nilikuwa kushoto. Nikazunguka meza. "Nimesema dakika ngapi?"

"Saa moja hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mungu wangu nipe subira."

Basi tukala njama. Daktari akishaondoka, navuta pazia. Saa kumi na moja na nusu nazima taa kubwa, inabaki nyingine ndogo ya bluu iliyo pembeni. Kuanzia saa kumi na mbili Fundi anaifunika hiyo ya bluu kwa kitambaa cha meza, mkunjo mmoja mmoja, mpaka kiza kinatanda chumbani. Tunakaa. Ikifika saa kumi na mbili na nusu nawasha kila kitu, kila mtu kwake. Daktari hajui mpaka leo, na ukimwambia tumekosana.

"Tunasubiri nini hasa?" nilimuuliza siku ya kwanza, nimevua viatu.

Akanieleza huku ametazama kioo. Mwanga ukianza kufifia, dume anatoka. Utamjua kwa mwiba mrefu wa mgongoni. Anausimamisha na kuzungukazunguka mtaani kwake. Jike anatoka akitaka. Asipotaka hatoki, na hakuna wa kumlazimisha. Akitaka, anakuja kulala ubavuni mwa dume, shavu kwa shavu, na wanaanza kupanda. Wanaacha mawe, wanaacha kila walichojifichia tangu asubuhi, wanapanda pamoja kwenye maji matupu ambako yeyote angeweza kuwaona. Huko juu wanatetemeka, jike anaachia mayai, dume anayarutubisha, na kufumba na kufumbua wametawanyika chini. Mayai yanachukuliwa na maji.

"Inachukua muda gani?"

"Sekunde tano. Kumi, wakijivuta."

"Halafu?"

"Halafu mpaka siku nyingine."

"Wewe uliona mara ngapi?"

"Miaka minne," akasema. "Karibu kila jioni." Akafunga mdomo kama mtu aliyetoa siri.

Wiki ya kwanza hakutoka hata mmoja. Wiki ya pili dume alitoka, akaona giza, akakimbia kama amekutana na mwizi. Fundi akasema ni kawaida, wamesahau. Mimi nilikuwa nafika nyumbani saa moja na nusu, na siku ya nne ya wiki hiyo mume wangu akaniuliza, "Siku hizi unachelewa wapi?"

"Natazama samaki."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Samaki gani hao?"

Kesho yake nikamburuta mpaka kliniki. Akakaa kiti cha wagonjwa, akatazama tangi dakika kumi, akalala. Alikoroma mpaka Fundi na sikio lake moja akageuka. Njiani kurudi akaniambia, "Nimeamini. Hakuna mtu anayeweza kutunga uongo unaochosha hivi." Tulicheka mpaka mlangoni.

Nilimsimulia Fundi kesho yake, nikidhani nitamvunja mbavu. Hakucheka. Aliketi kwenye kiti kile kile alicholala mume wangu, kitambaa cha meza mapajani.

"Ulimwambia ukweli siku hiyo hiyo aliyouliza?"

"Sasa ningemwambia nini, Fundi?"

Akakikunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akasimulia, na hata leo nikikumbuka roho inaniuma.

Alikuwa na mke, fundi cherehani, na binti wa miaka sita. Kazi ya kampuni iliisha saa kumi na moja. Wenzake walipanda juu, wakavua vioo vya kuzamia, wakaenda zao. Yeye alirudi majini na mrija wa kupumulia, akaelea kifudifudi juu ya kifusi kimoja cha matumbawe, akasubiri. Asubuhi aliwakamata Marembo kwa wavu, jioni alikuja kuwatazama waliobaki. Nyumbani alifika saa moja, wakati mwingine saa mbili, nywele mbichi, uso umelegea kwa furaha ambayo hakuwa na pa kuiweka.

Mkewe akauliza. Yeye akasema, kazi. Tulikuwa tunafunga mifuko ya samaki.

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Ningesemaje, dada? Kwamba mimi mwanaume mzima, nina mke na mtoto wananingoja, naelea majini natazama samaki wa urefu wa kidole wakipanda? Uongo ulionekana una akili kuliko ukweli."

Siku moja mkewe alikwenda hadi kampuni. Alikuta geti limefungwa, na mlinzi akamwambia wote wameondoka saa kumi na moja. Usiku akamuuliza tena: leo ulikuwa wapi? Kazini, tulikuwa tunafunga mifuko. Akamuuliza hivyo mara tatu, katika wiki tatu, na mara zote tatu mkewe alikuwa ameshafika getini kuhakikisha. Ya tatu ilipokwisha alibeba cherehani yake na mtoto.

"Hakupiga kelele hata kidogo," alisema Fundi. "Angepiga kelele pengine ningesema."

Baada ya hapo alirudi kwenye kifusi chake jioni moja, akamkuta dume anazunguka peke yake. Jike, Fundi mwenyewe alikuwa amemkamata asubuhi ile, bila kujua ndiye. Dume alisimamisha mwiba, akazunguka, akasubiri, mpaka giza likamficha. Kesho yake vivyo hivyo. Fundi akaacha kazi ndani ya wiki. Sikio likafa mwaka huo huo, daktari wa masikio akampiga marufuku kuzamia, na tangu hapo, miaka ishirini na miwili, hajawahi kuwaona wakipanda.

"Mkeo yuko wapi?"

Alijua hasa. Mtaa wa nyuma ya soko, mlango wa kijani, anashona sare za shule. Kila Alhamisi akitoka kwetu alipita mtaa ule, upande wa pili wa barabara, na ndoo yake. Binti yao alishaolewa mbali. Mama hakuolewa tena.

"Unataka akurudie?"

"Sitaki hata kidogo. Nataka ajue tu. Sitaki nife yeye akiamini kulikuwa na mwanamke."

Muongo mkubwa. Mtu asiyetaka kurudiwa hapiti mtaa mmoja kila Alhamisi miaka nenda rudi. Lakini nilinyamaza, na mimi kunyamaza ni kazi.

Wiki ya saba mambo yakachangamka. Dume alikuwa anatoka kila jioni bila woga, mwiba juu, anajizungusha mpaka basi. Jike akaanza kujitokeza kwenye ukingo wa jiwe. Jumatano moja alimjia, akamlalia ubavuni, wakainuka kiasi cha upana wa kiganja, kisha jike akaghairi akarudi shimoni. Fundi alishika kioo kwa mikono miwili. "Karibu," akasema. "Siku tatu, nne. Akijaa mayai vizuri."

Sasa hapa nikafanya kosa, na nilifanya kwa akili zangu timamu. Kesho yake saa ya chakula nikachukua koti langu la kazi, ambalo halikuwa na tatizo lolote, nikaenda mtaa wa nyuma ya soko kulipunguza kiuno.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani mama wa makamo, mnene kiasi, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni, anakata kitambaa bila kutazama mkono wake. Akanipima. Nikamwambia ninapofanya kazi. Nikamwambia kuna fundi wa matangi anakuja pale. Mkasi ukasimama.

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa, mama. Akijua ataniua."

"Haya. Na huyo mwanamke alikuwa nani? Maana umekuja kuniambia, naona."

"Samaki, mama."

Alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kijimto chake, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akajishika meza. "Ee Mungu! Miaka yote hii, na hilo ndilo alilokuja nalo? Samaki!" Kisha kicheko kikakatika tu, na akawa anafuta macho kwa ncha ya futi. Nilimweleza yote, kifusi, jioni, wanavyopanda. Hakunikatiza.

"Koti lako litakuwa tayari kesho," alisema nilipomaliza. "Nitakuletea mwenyewe. Mnafunga saa ngapi?"

Ijumaa ile sikumwambia Fundi neno. Tumevuta pazia, taa ya bluu imebaki, mkunjo wa kwanza wa kitambaa umeshawekwa, mlango ukagongwa. Mama aliingia na koti langu limekunjwa mkononi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi. Aligeuka, na sijawahi kuona mtu akizeeka na kuwa kijana kwa wakati mmoja namna ile.

"Shikamoo, mama, karibu," nikasema haraka, maana hakuna mwingine aliyekuwa anasema kitu.

Fundi alinisogelea. "Nani alikutuma?" alininong'oneza kwa hasira. "Jike hajajaa. Ni kesho au keshokutwa. Leo hawapandi, dada. Umeniua."

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini mama alikuwa ameshakaa, pochi juu ya magoti. Basi tukasubiri.

Mama alikuwa upande wa kushoto wa Fundi. Baada ya kitambo akauliza kwa sauti ndogo, "Ndio hawa?" Fundi hakujibu. Akauliza tena. Niliona uso wa mama unaanza kukunjamana, anadhani amedharauliwa.

"Zunguka kulia, mama," nikasema. "Hilo limekufa."

"Limekufa lini?"

"Mwaka ule ule ulioondoka," Fundi akasema. Maneno yangu aliyasikia, nilikuwa kulia kwake. Mama alihama kiti.

Dume alitoka. Akasimamisha mwiba, akazunguka mara nne, mara tano. Jike alitoa kichwa kwenye ukingo, akatazama, akarudi ndani. Fundi akaongeza mkunjo. Saa kumi na mbili na robo, na ishirini, na ishirini na tano. Dume akazunguka tena. Jike hakuna.

Mama akasimama. Nilijua sasa yamekwisha, na kosa ni langu.

"Sikuwa natazama samaki," alimwambia Fundi, kwenye sikio la kulia. "Nilikuwa nakutazama wewe. Uso huo ndio uliokuwa unarudi nao nyumbani. Huo huo. Nikasema, huu ni uso wa mtu anayetoka kwa mwanamke, na mimi hajawahi kunitazama nao. Leo umeuvaa tena, na humu mwanamke hamna."

"Kwa hiyo unaamini?"

"Naamini." Hapo ndipo alipokasirika. "Ungesema! Wewe bwana, ungesema tu! Ningekucheka wiki nzima. Ningewaambia majirani, wangekucheka na wao. Halafu ningekupakulia chakula, tungelala. Ningekuwa mke wa mtu anayependa samaki, basi. Kuna ubaya gani?"

"Niliona aibu."

"Miaka ishirini na miwili kwa ajili ya aibu." Akaniwekea koti langu mezani, akaning'iniza pochi begani. "Giza limeingia. Mimi naenda." Na akatoka.

Fundi alibaki amesimama katikati ya chumba, tangi huku, mlango kule. Na wakati huo huo jike akatoka. Sio kichwa tu, mzima mzima, tumbo limejaa, akaja moja kwa moja hadi kwenye mchanga ambako dume alikuwa anazunguka. Fundi alikosea hesabu kwa siku moja. Alimwona. Mtu aliyewatazama miaka minne hakuhitaji kuambiwa kinachofuata. Akatazama mlango.

"Dada," akasema, "niangalizie."

Akatoka mbio, kofia ameiacha kitini.

Nikabaki peke yangu. Jike alijilaza ubavuni mwa dume, shavu kwa shavu, kama alivyonieleza. Wakainuka. Walipita lile jiwe lao, wakapita bomba la hewa, wakapanda kwenye maji matupu, rangi zote zile zinameremeta kwa ule mwanga kidogo, taratibu, taratibu, mpaka nikajikuta na mimi nimesimama. Wakatetemeka. Kitu kama vumbi kikatawanyika. Na wakaanguka chini kila mmoja na njia yake, na tangi likawa tupu.

Nilikimbilia dirishani niwaite. Nikafungua pazia kidogo. Walikuwa wamefika kwenye kona, wanatembea polepole, Fundi amebeba ile pochi, na amehakikisha mama yuko kulia. Nikafunga pazia. Nililia hapo mapokezi peke yangu mpaka nikasahau kuwasha taa.

Jumatatu Fundi alikuja mapema, saa tisa na nusu, amevaa shati lililopigwa pasi. Alisafisha tangi, akamimina supu yake, kisha akaja kwenye meza yangu na kunipa chupa nyingine mbili, akinielekeza nimimine kiasi gani na lini. Alisema mama amemwambia neno moja tu pale kona: ukitaka kuja kwangu, uje kabla giza halijaingia, ukigonga gizani sifungui.

"Basi jioni hutakuwepo tena," nikasema.

"Sitakuwepo. Taa utawazimia?"

"Nitawazimia."

Akabeba ndoo. Akafika mlangoni, akarudi.

"Walipanda?"

"Walipanda."

"Juu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono, mmoja chini usawa wa meza, mmoja juu ya kichwa changu. Akaitazama nafasi ile iliyokuwa kati ya mikono yangu. Mgonjwa mmoja alikuwa anaulizia zamu yake, simu ilikuwa inalia, na mimi sikuishusha mikono, nilimwacha atazame mpaka ashibe. Kisha akavaa kofia yake. Ilikuwa saa kumi na nusu, na kwenda kwa miguu mpaka nyuma ya soko ni mwendo.